Kyungu na Kabange Ndani ya Bati la Maziwa

Mtu wa kwanza kunifundisha kompyuta hakuwa na kompyuta. Alikuwa na chaki. Alichora skrini ubaoni, akachora kipanya na mkia wake, akachora madirisha matatu, moja juu ya lingine, kisha akatuamuru tunyamaze kwa sababu mashini inawaka. Tulinyamaza. Treni ya mizigo ilipita nyuma ya shule yetu, hapa mjini Kamina, kuta zikatetemeka, na darasa zima likaendelea kuutazama ubao, tukingoja uwake.

Tulimwita Prof. Jina lake lilikuwepo kwenye daftari la shule, lakini hakuna aliyelihitaji.

Siku moja nilifuta ubao kwa kuwa mwalimu wa jiografia alikuwa tayari mlangoni na ramani yake. Prof akanipa sifuri.

"Umezima mashini na madirisha iko wazi!" alipiga kelele. "Hauna akili, weye? Unafunga dirisha moja moja, kisha njo unazima. Kazi ya bantu yote imepotea!"

"Prof, ni chaki."

"Na weye ni virusi."

Tangu siku hiyo mimi ni Virusi. Mama yangu mwenyewe akikasirika ananiita hivyo. Kwa hiyo yeyote atakayesema mimi ndiye niliyeanza ubaya, ajue ubaya ulikuwa tayari umekaa darasani, umevaa koti la kijivu lenye mikono mifupi, ukiwa na rula ya chuma mkononi.

Rula ile ilikuwa na kazi. Kila mwanafunzi alikuwa na kibodi ya katoni, herufi zimechorwa kwa biki. Prof alisoma imla, sisi tukapiga vidole juu ya katoni, naye akapita nyuma yetu amefumba macho. Alisikiliza. Alidai kwamba anasikia kosa! Ghafla rula inaangukia mifupa ya vidole: "Umekosa. Anza tena." Ukimuuliza amejuaje, anasema kidole kinachodanganya kina sauti yake. Binti wa pasta, yule ambaye ni wa kwanza darasani tangu tulipokuwa tunajifunza kuhesabu kwa vijiti, alipigwa siku ambayo hakukosa hata herufi moja. Alipolia, Prof alimwambia achunge machozi, yataharibu kibodi.

Mtu huyo huyo, mwalimu wa mashini, aliogopa simu. Ukimpa simu aangalie kitu, aliishika kwa vidole viwili kama anamtoa panya aliyekufa chini ya kitanda. Na mtu huyo huyo, ambaye hakuwahi kumsifu mtoto hata mmoja, alikuwa na bibi, mke wake wa ndoa, aliyemkimbia akarudi kwao Luena. Alimsema vibaya mbele yetu, katikati ya somo, bila aibu. Lakini kila treni ya abiria ilipoelekea upande ule, ulimkuta kwenye gare, yaani stesheni, na mkate umefungwa ndani ya gazeti, akimwomba msafiri aufikishe. Tulimcheka kwa hilo pia. Tulikuwa na kikundi cha watu wanne tuliokwenda gare kwa ajili ya kumcheka tu.

Sasa niseme juu ya mashini yenyewe.

Nyumbani kwake, juu ya meza ambayo watu wengine wangelia chakula, kulikuwa na mifupa ya kompyuta kubwa iliyotoka kwenye ofisi fulani iliyofungwa. Haikuwa kompyuta ya kawaida. Kompyuta ya kawaida ina prosesa moja, ile sahani ndogo ya chuma inayofanya hesabu zote, ubongo wake. Hii ilikuwa na viti viwili vya prosesa, ubavu kwa ubavu, na ilikataa kuwaka mpaka vyote viwili vikaliwe. Prof alikuwa na prosesa moja. Aliitunza ndani ya bati la maziwa ya unga, imelala juu ya pamba, na alitafuta ya pili kwa miaka mitatu.

Miaka mitatu! Siyo kwamba hazikupatikana. Wafanyabiashara waliorudi kutoka Lubumbashi walimletea. Alizipokea, akaweka jichoni kile kioo cha watengeneza saa, akasoma namba zilizochongwa juu ya chuma, akauliza maswali kama baba wa msichana anayeposwa.

"Huyu ni mutoto ya nani?"

"Prof, ni mupya kuliko yako. Iko nguvu sana."

"Sikuuliza nguvu. Nimeuliza ukoo. Angalia herufi ya mwisho. Yangu iko na ingine. Habakuzaliwa tumbo moja."

"Herufi moja tu! Prof, unachagua mashini ao unachagua bibi?"

"Bibi nilichagua mbio," Prof alijibu, akimrudishia kitu chake. "Njo maana mashini ninachagua polepole."

Kwake, prosesa mbili zinazokaa mashini moja lazima ziwe mapasa, yaani mapacha: umbo moja, namba moja, herufi moja mpaka ya mwisho. Mashini yenye viti viwili inapenda hivyo, na hapo alisema kweli. Lakini Prof hakuishia kwenye ufundi. Alizipa majina. Ile ya kwanza aliiita Kyungu, kama Waluba wanavyomwita pacha anayetangulia kutoka, na ile ambayo bado haijaonekana aliiita Kabange, jina la anayefuata. Namba ya Kyungu tulilazimishwa kuikariri. Aliyechelewa shule aliisimulia mbele ya darasa kama zaburi. Mimi nilichelewa sana, kwa hiyo niliijua vizuri kuliko jina la babu yangu.

Majina hayo ndiyo yaliyomponza. Kwetu, mtu akipata mapasa, majirani wanakuja kucheza na kumtukana. Ndiyo, kumtukana: mwili wake, kitanda chake, suruali yake, mbele ya wakwe zake. Naye hana ruhusa ya kukasirika. Lazima acheke, na akiambiwa cheza, acheze. Basi Prof aliposema mbele ya darasa, "Kabange akifika, minyi nitakuwa baba ya mapasa," nilihisi kama mtu aliyepewa funguo za duka. Nilitunga wimbo siku hiyo hiyo, chini ya dawati:

*Baba ya mapasa, matako sawa ubao,*
*nani alikusaidia kuzala?*

Matako yake kweli yalikuwa bapa kama ubao, hata suruali ilikuwa inashangaa. Tuliimba alipoingia. Aliinua rula. Binti wa pasta, ambaye hakuwa amesahau vidole vyake, akasema kwa sauti ya kanisani: "Prof, baba ya mapasa hakasirikake." Rula ikabaki hewani. Ikashuka pole pole. Prof akacheka, hi, hi, kama mlango usiotiwa mafuta, akacheza hatua mbili pembeni ya meza, halafu akaanza somo. Tangu siku hiyo tulikuwa na silaha, na tuliitumia kila asubuhi.

Alikuwa na misemo. "Mashini haisahau na haisamehe." "Mwendo ya kiwanda ni ya baoga." Huu wa pili unahitaji maelezo. Kila prosesa hutoka kiwandani ikiwa imepangiwa mwendo wake. Mtu jasiri anaweza kuupandisha: anabadili namba fulani ndani ya mashini, anaongeza umeme kidogo, na prosesa inakimbia kuliko ilivyoahidiwa. Malipo yake ni joto. Ndiyo maana mtu mwenye akili akichagua prosesa ya kukimbizwa, anachagua ile inayostahimili joto, na ikionekana dhaifu anaipunguzia mwendo. Prof aliyajua haya yote. Aliyaandika ubaoni. Ninayo kwenye daftari.

Alihitaji mwendo kwa sababu ya chai ya prefe.

Prefe, mkuu wa shule yetu, alikuwa amempata kijana mmoja aliyefika kutoka mjini na laptop inayong'aa, mwenye kunukia manukato hadi koridoni. Alitaka kumpa saa za Prof za kufundisha. Wazazi wakasita, Prof akaomba nafasi moja. Prefe, ambaye anapenda mchezo, akamwambia: lete mashini yako mbele ya wazazi siku ya mwisho wa muhula, ihesabu pointi za shule nzima na kutoa matokeo kabla sijamaliza kikombe changu cha chai. Ikiweza, saa ni zako. Isipoweza, urudishe chaki. Prof hakuwa na somo lingine la kufundisha. Bila saa zile alikuwa mzee mwenye koti.

Kabange hakuwepo bado. Nami ndiye niliyemleta.

Baba yangu ni mwanajeshi, tunakaa kambini. Nyuma ya bohari moja kuna takataka za mashini zilizokufa, na huko mimi na binamu yangu tulitoa kadi moja kubwa iliyokaliwa na prosesa mbili. Nilisoma namba ya kwanza, nikaisimulia hadi mwisho bila kuangalia tena. Ilikuwa namba ya Kyungu, na herufi yake ya mwisho. Ya pili vilevile. Aliyelala ndani ya bati lile alikuwa na ndugu wawili kambini, na aliyejua ni mimi tu.

Lakini binamu yangu alikuwa amesikia kwamba ndani ya prosesa kuna dhahabu. Kila mtu kambini amesikia hivyo. Tukaweka moja juu ya mbabula, jiko la mkaa, kwenye makaa ambayo mama alikuwa amemaliza kupikia ugali wa bukari, tukachuchumaa kungoja dhahabu itiririke. Haikutiririka. Chuma kilibadilika rangi, kikawa na duara la njano na bluu kama jicho lililopigwa ngumi. Tukaitoa kwa kijiti.

Nilikuwa nazo mbili mkononi, nzima na iliyochomwa. Ile iliyochomwa niliisugua kwa majivu na dawa ya meno mpaka ikang'aa, nikampelekea Prof. Ile nzima niliizungushia waya wa shaba nikaivaa shingoni, ndani ya shati. Mukiniuliza kwa nini, jibu ninalo, wala siyo zuri: nilitaka kuona moshi. Pia ilinipendeza shingoni.

Prof aliweka kioo jichoni. Akasoma. Akasoma tena, na midomo yake ikatangulia namba. Kisha alifanya kitu ambacho sikukitarajia, akanishika kichwa kwa mikono miwili.

"Virusi," alisema. "Virusi, mutoto yangu. Wafwako."

Hiyo ni asante ya Kiluba, na Prof hakuwa na desturi ya kuitoa. Niliondoka nikicheka. Nusu ya kicheko, tuseme.

Mashini iliwaka. Kwa mwendo wa kiwanda ilifanya kazi vizuri: Kyungu alihesabu madarasa ya chini, Kabange ya juu. Prof alijaribu na kikombe chake mwenyewe, lakini chai ikaisha madarasa ya juu bado. Basi akapandisha mwendo. Tulikuwa kwake watatu siku hiyo, mimi, binamu yangu na binti wa pasta, na umeme ulikuwa wa jenereta ya kanisa. Kwenye skrini joto lilionekana kwa namba mbili. Namba ya Kyungu ilipanda kidogo ikatulia. Namba ya Kabange ilipanda, ikapanda, ikaendelea.

"Prof," binti wa pasta alisema, "Kabange iko na homa. Tumupe ventilo ya Kyungu pia. Ao tupunguze mwendo."

Prof alikuwa amempa kila mmoja feni yake, ukubwa uleule, na mafuta ya kupoza ya kiasi kilekile, aliyoyapima kwa ncha ya kisu.

"Hapana. Ukinyang'anya Kyungu na kumupa Kabange, umebatenganisha. Mapasa, unachopa moja unapa wa pili. Nguo moja, sahani moja."

"Prof, ni chuma!"

"Na ubao ilikuwa chaki," alisema. Lakini sauti yake haikuwa na rula. Alitazama namba ile ikipanda, akanigeukia mimi. "Virusi. Weye njo ulimuleta. Unasema nini?"

Hapo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Ile prosesa nzima ilikuwa imelala juu ya kifua changu, inanipoza ngozi. Ningeweza kufungua kifungo kimoja cha shati.

"Mapasa habatenganishwake, Prof," nilisema.

Binamu yangu akaziba mdomo. Prof akatikisa kichwa kama mtu aliyepata shahidi, akaacha mwendo palepale ulipokuwa.

Siku yenyewe wazazi walijaa. Kijana wa laptop alikaa mstari wa mbele, mguu juu ya mguu. Prefe aliletewa kikombe, akakipuliza kwa madaha, akanywa. Mashini ikaanza. Karatasi ya kwanza ikatoka, ya pili, ya tatu. Wamama wakapiga vigelegele kusikia majina ya watoto wao. Prof alisimama ubavuni mwa mashini kama mtu anayepigwa picha. Kikombe kilikuwa bado nusu. Nusu! Nasema hivyo kwa sababu angeshinda. Hilo nimelihesabu mara nyingi.

Kwanza ilikuja harufu, ya kucha inayoungua. Halafu uzi wa moshi, mwembamba, ulionyooka upande wa Kabange. Skrini ikawa nyeusi. Prefe akashusha kikombe. Hapo mimi, mwenyewe, bila mtu kunisukuma, nikaanza:

*Baba ya mapasa, matako sawa ubao...*

Darasa likadakia. Wazazi, waliojua desturi, wakacheka na kupiga makofi. Prefe alicheka hadi chai ikamwagikia tai yake. Na Prof? Baba wa mapasa hakasiriki. Moshi ukiwa unapita mbele ya uso wake, alicheka, hi, hi, akacheza hatua mbili. Tukaimba zaidi, akacheza zaidi. Hata kulia hakuweza, kwa maana nyanya zetu wanasema pacha hafi, anarudi tu alikotoka, na anayemlilia anamfungia njia. Alicheza mpaka tulipochoka sisi.

Jumatatu kijana wa laptop aliingia darasani. Anafundisha vizuri, sitasema uongo. Hakuna anayepigwa vidole. Hakuna anayesikiliza, pia.

Mwezi uliopita, mimi sasa nikiwa mwaka wa mwisho, nilipeleka simu kwenye meza za kuchajia karibu na gare. Ilikuwa mchana, jua kali, nimefungua vifungo viwili vya shati. Nyuma ya meza, chini ya kipande cha turubai, alikaa Prof. Koti lilelile. Simu za watu zimepangwa mbele yake, na alizishika, nikaona, kwa vidole viwili. Hakuniangalia usoni. Aliniangalia shingoni.

"Inama," alisema.

Nikainama. Akaweka kile kioo jichoni, akasoma juu ya kifua changu, polepole, mpaka herufi ya mwisho. Pumzi yake ilinuka kahawa.

"Ilikuwa mbili?"

"Ndiyo, Prof."

"Na ile ulinipa. Uliifanya nini mbele ya kunipa?"

"Tuliweka ku mbabula."

"Juu ya kutafuta dhahabu."

"Ndiyo, Prof."

"Mulipata?"

"Hapana."

"Hm," alisema Prof. Nilingoja rula. Ilikuwepo mezani, niliiona. Badala yake alifungua waya shingoni mwangu kwa vidole vyake vikavu, akachukua bati la maziwa kutoka chini ya meza, akalifungua. Kyungu alikuwa amelala juu ya pamba. Akamweka Kabange ubavuni mwake. Wawili, wazima, namba moja. Aliwatazama kwa muda mrefu kuliko anavyotazama treni ya kwenda Luena. Kisha akatoa pamba yote, akaitia mfukoni mwa koti, akafunika bati na kulisukuma kwenye mikono yangu.

"Pamba ni yangu," alisema. "Batoto ni yako."

Akasimama. Sikuwa nimewahi kujua kwamba mzee yule ana sauti kubwa namna ile nje ya darasa.

"Bamama! Bapapa! Muye muone! Huyu mutoto amepata mapasa!"

Wauza karanga waligeuka. Wenye pikipiki walizima injini zao. Hakuna aliyeuliza mapasa gani, nani mama yao. Watu wa Kamina wakiitiwa mapasa hawaombi karatasi.

"Mapasa? Na ile kiuno ya sindano?" motari mmoja wa pikipiki alipaza sauti.

"Bibi yake alifumba macho!" mama mmoja akajibu, na vigelegele vikaanza. Walinizunguka. Prof aliwafundisha wimbo mara moja tu, wakaushika: matako sawa ubao, nani alikusaidia kuzala? Binamu yangu, aliyekuwa amenisindikiza, aliimba kuliko wote.

Uso uliniwaka. Nilitaka kutukana mtu.

"Baba ya mapasa hakasirikake," Prof alinikumbusha, kwa upole, kama anasoma imla.

Basi nikacheka. Nikacheza. Kila nilipoinua mguu, Kyungu na Kabange waligongana ndani ya bati tupu, wakilia mkononi mwangu. Prof alirudi kukaa, akafumba macho, akachukua rula ya chuma na kuanza kupiga mdundo juu ya meza, akisikiliza miguu yangu.

"Umekosa," alisema. "Anza tena."